Apolo Kivebulaya

Apolo Kivebulaya (1864 hivi – Mboga, 30 Mei 1933) alikuwa mwinjilisti na kasisi wa Kanisa Anglikana kutoka Buganda, katika nchi ya Uganda ya leo. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Uanglikana katika Kongo, kwenye kijiji cha Mboga (siku hizi Boga, mkoa wa Ituri), na kama mmoja wa Waafrika wa kwanza kupeleka mafundisho ya Kikristo kwa Wambuti wa msitu wa Ituri. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila mwaka tarehe 30 Mei, siku aliyofariki.

Kuzaliwa na utoto

Alizaliwa katika familia ya wakulima wa Buganda wakati wa Kabaka Mutesa I. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Kwa Waganda jina hilo hupewa mtoto wa kiume aliyetangulia kuzaliwa kati ya mapacha, na mdogo wake huitwa Kato. Ndivyo ilivyokuwa kwake.

Katika Buganda ya zamani kuzaa mapacha halikuwa jambo la familia moja tu. Mapacha walihesabiwa kuwa zawadi ya Mukasa, mungu wa ziwa kubwa ambalo baadaye liliitwa Victoria. Baba yao aliitwa Ssalongo, mama aliitwa Nnalongo, na ukoo mzima ulipaswa kushika miiko, kucheza ngoma na kuimba nyimbo maalumu kabla wazazi hawajarudi kwenye shughuli za kawaida. Kosa dogo katika taratibu hizo liliogopwa kwamba lingeleta madhara kwa watoto na kwa jamaa. Waswa alifungwa na mila za kwao kabla kitovu chake hakijakauka. Wanaosimulia maisha yake kana kwamba aliacha kitu chepesi husahau jambo hilo.

Alipokuwa kijana alipelekwa kwa mganga ajifunze kazi ya uganga na kupiga ramli. Ilikuwa kazi ya heshima na yenye kipato. Mganga wa Buganda alitafutwa na maskini na machifu pia, na aliyeishi naye kama mwanafunzi alikuwa amewekewa njia ya maisha. Lakini kukaa karibu na mganga kulimwonyesha Waswa yale ambayo wateja hawakuyaona. Aliona jinsi mwalimu wake alivyowahadaa watu waliokuja na shida zao, akachukizwa, akaondoka. Hapo alikuwa bado hajawa Mkristo wala hakuwa na dini nyingine mkononi. Alichoacha kwanza ni udanganyifu, na imani ilimjia baadaye sana.

Dini mbili kutoka pwani

Buganda ya ujana wake ilikuwa imejaa mabishano ya dini. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa wameleta Uislamu miaka mingi nyuma, na Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa ingawa hakukubali kutahiriwa. Waswa naye aliingia Uislamu. Huko alizoea kwanza mambo ambayo yangemfaa maisha yake yote: kwamba Mungu ni mmoja, kwamba sala ina saa zake, na kwamba dini inaweza kuwekwa katika kitabu ambacho mtoto wa mkulima anaweza kujifunza kukisoma.

Ukristo ulifika kwa njia ileile ya misafara. Kundi la kwanza la wamisionari Waanglikana wa shirika la CMS waliotumwa kwa Mutesa lilitua pwani ya Tanganyika mwaka 1876. Kituo kilifunguliwa Mpwapwa, na mwaka 1877 Alexander Mackay, fundi mhandisi kutoka Uskoti, alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi. Kutoka hapo njia ilikatisha Ugogo, nyanda kavu ambako leo kuna jiji la Dodoma na viunga vyake kama Nzuguni. Wapagazi waliogopa ukosefu wa maji huko, na wenye misafara waliogopa hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo. Wamisionari wa kwanza walifika kwa Kabaka mwezi Juni 1877. Mackay alifuata mwishoni mwa 1878. Kwa kuwa hawakujua Kiganda bado, masomo ya kwanza yalitolewa kwa Kiswahili, na baadhi ya Waganda walisoma Injili kwa lugha hiyo kabla haijachapishwa katika lugha yao wenyewe. Ni jambo ambalo wasemaji wa Kiswahili hawalitaji mara nyingi.

Waswa alimsikiliza Mackay akifundisha, lakini hakugeuka mara moja. Mackay aliondoka Buganda mwaka 1887 akafariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwezi Februari 1890. Hakujua kwamba kijana yule angekuja kuwa mtu mashuhuri.

Vita na miaka ya kutangatanga

Mutesa alifariki mwaka 1884 na mwanawe Mwanga akatawala. Kati ya 1885 na 1887 Wakristo wengi vijana wa ikulu, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa kwa amri yake. Ndio wanaoitwa Wafiadini wa Uganda. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga, kisha wakageukana. Waislamu walishinda kwanza, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Mwanga alirudishwa kwa msaada wa Wakristo, na mwisho wa 1890 nahodha Mwingereza Frederick Lugard aliingia Mengo na askari wake.

Vita hivyo vilimkuta Waswa upande wa Waislamu; baadaye alihamia kwa Wakristo. Si rahisi kusema kwamba wakati huo moyo wake ulikuwa umebadilika. Watu wengi walihamahama kufuata mabwana, ndugu au usalama. Yeye mwenyewe katika miaka hiyo alikuwa mtu wa pombe na bangi, na hakuficha hilo baadaye. Mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Lugard uliokwenda Toro, magharibi, kumrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme. Huko aliona kwa mara ya kwanza milima ya Ruwenzori na bonde la mto Semliki. Ng’ambo ya bonde hilo ndipo angemalizia maisha yake.

Ubatizo na jina

Mwishoni mwa 1893 kulitokea uamsho katika kanisa la Buganda, ukihusishwa na mmisionari George Pilkington, mtafsiri wa Biblia ya Kiganda. Watu wengi walianza kusoma, na vijana wengi wakajitolea kwenda kufundisha nje ya Mengo. Katika hali hiyo Waswa alijiandikisha kwa masomo, akaacha bangi na pombe, akabatizwa mwezi Januari 1895. Alichagua jina Apolo, yule mhubiri fasaha anayetajwa katika Matendo ya Mitume.

Jina la pili alipewa na watu. Kivebulaya maana yake ni kitu kilichotoka Bulaya, yaani Ulaya, na lilitokana na koti la Kizungu alilopenda kuvaa. Lilianza kama utani wa rafiki zake na likabaki hadi kaburini. Kuna kichekesho ndani yake, maana mtu aliyepewa jina la Ulaya hakufika Ulaya kamwe, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika mahali ambapo hapakuwa na Mzungu hata mmoja.

Aliwahi kuoa, lakini mke wake alifariki, naye hakuoa tena. Kwa Waganda wa wakati ule mwanamume mzima asiye na mke wala watoto wa kuendeleza ukoo alikuwa mtu wa kuhurumiwa au kushukiwa. Kanisa lake halikumdai useja. Wachungaji Waanglikana walioa. Lilikuwa uamuzi wake, na huenda ndilo jambo zito kuliko yote aliyoyaacha, kwa sababu bangi inaumiza anayeivuta, lakini jina la ukoo ni mali ya walio hai na waliokufa.

Mboga

Baada ya ubatizo alitumwa Toro kama mwalimu wa kanisa. Mfalme Kasagama alibatizwa mwaka 1896 na kuitwa Daudi, na kutoka kwake walimu walianza kupelekwa kwa majirani. Mmojawapo wa majirani hao ulikuwa Mboga, utawala mdogo juu ya miinuko ya magharibi ya Semliki, chini ya chifu Tabaro. Walimu wawili Waganda walitangulia kufika huko. Tabaro aliwanyima chakula, wakashindwa kukaa.

Apolo aliomba kwenda badala yao, akafika mwishoni mwa 1896. Alikwenda na jembe. Kama watu hawangempa chakula, angelima mwenyewe. Kwa mtu wa pwani au wa bara anayesoma habari hii leo, jembe linaweza kuonekana jambo la kawaida, lakini katika Buganda ya siku zile kulima chakula ilikuwa kazi ya wanawake. Askari wa zamani mwenye koti la Kizungu kuinama shambani mbele ya watu wa chifu ilikuwa aibu aliyojichagulia.

Upinzani wa Tabaro mara nyingi husimuliwa kama ukaidi wa mpagani. Ulikuwa na sababu nyingine pia. Toro ilikuwa imerudishwa na bunduki za Lugard. Mfalme wake alikuwa ameshika dini ya Waingereza. Na sasa Toro ilikuwa ikituma walimu wa Kiganda. Chifu mdogo wa mpakani alikuwa na haki ya kujiuliza kama baada ya mwalimu hangekuja mtoza kodi. Zaidi ya hayo, utawala wa Mboga ulisimama juu ya mizimu. Watu wa huko, kama wa Bunyoro na Toro, waliwaheshimu Bachwezi, watawala wa kale waliogeuka mizimu, ambao walisema kupitia vinywa vya waganga wao. Hao ndio waliotibu magonjwa, walioeleza ukame na waliothibitisha kiti cha chifu. Apolo alipofundisha kwamba hirizi zitupwe na pombe ya matambiko iachwe, aliugusa mhimili wa nyumba.

Alifundisha kusoma. Waliokuja kwanza walikuwa wachache, wengi wao vijana na wanawake. Waganga walilalamika kwamba kazi yao inaharibika, nao walikuwa wakimlalamikia mtu aliyekuwa nusu ya mwenzao, aliyewahi kukaa ndani ya kazi ile. Tabaro aliamuru apigwe. Kanisa la nyasi lilichomwa moto, na Apolo alipigwa mpaka akaachwa porini akidhaniwa amekufa. Mwanamke mmoja wa wanafunzi wake alimkuta, akamficha na kumuuguza mpaka akapata nguvu. Kisha akarudi kijijini na kuendelea kupiga ngoma ya kuwaita watu kwenye sala.

Kifungo na njozi

Msiba ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Wakati watu wakikusanya nyasi na miti ya kujengea, dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Ilikuwa ajali, lakini kifo cha mtu wa nyumba ya chifu kilihitaji mwenye kubebeshwa. Apolo alishtakiwa kwa mauaji, akafungwa kamba, akapelekwa ng’ambo ya Semliki hadi ngome ya Waingereza huko Toro, mahali panapoitwa leo Fort Portal. Alitiwa gerezani na kupigwa.

Humo gerezani, kadiri alivyosimulia mwenyewe, Yesu Kristo alimtokea usiku aking’aa kama jua na kumwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Tangu siku hiyo, alisema, hofu ilimtoka. Kesi haikuthibitika, akaachiliwa. Jambo la kawaida lingekuwa kurudi kwao Buganda. Alirudi Mboga.

Mwishowe Tabaro aliomba kufundishwa, akabatizwa na kuitwa Paulo. Waandishi wa Kizungu walipenda kufananisha jina hilo na Sauli wa Tarso aliyekuwa akiwatesa Wakristo, na huenda aliyelichagua alikuwa na nia hiyohiyo.

Shemasi na kasisi katika Toro

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903 na Askofu Alfred Tucker. Kwa miaka kumi na kitu baada ya hapo alifanya kazi zaidi upande wa Toro, akianzisha makanisa ya vijijini na kuwafundisha walimu. Mboga ilibaki katika utata kwa sababu mpaka kati ya Uganda ya Waingereza na Kongo ya Wabelgiji haukuwa umewekwa sawasawa. Mkataba wa mwaka 1910 uliiacha Mboga ndani ya Kongo. Kanisa dogo la Kianglikana likajikuta katika koloni ambako serikali iliwapendelea wamisionari Wakatoliki, huku maaskofu wake wakiwa ng’ambo ya mpaka, Namirembe.

Kurudi Mboga na watu wa msitu

Apolo alirudi Mboga katikati ya Vita Kuu ya Kwanza na kukaa huko mpaka kufa. Alikuwa amepita umri wa miaka 50. Nyumba yake ilijaa vijana na yatima waliosoma, kulima na kula pamoja naye, na kutoka kwao alipata walimu wa kuwatuma vijijini.

Magharibi ya Mboga unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Humo waliishi Wambuti, wawindaji wafupi wa kimo, waliobadilishana nyama na asali kwa ndizi na vyuma vya wakulima wa pembezoni. Wakulima waliwahitaji na kuwadharau kwa pamoja. Wengi hawakuwahesabu kuwa watu kamili. Apolo alieleza kwamba mwaka 1921 Yesu alimtokea tena, akimtuma kwa watu wa msitu. Alianza kwenda kwenye kambi zao, safari za siku nyingi kwa miguu, akitafuta watu wanaohama kila mawindo yanapohama. Walikimbia mwanzoni. Alijifunza kungoja, kukaa nao, kujifunza maneno yao. Kazi ya kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha iliyozungumzwa msituni ilianza chini ya uangalizi wake, na mwaka 1932 Wambuti wa kwanza walibatizwa, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Katika miaka ya 1920 alipewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Mmisionari Albert Lloyd, aliyemfahamu tangu Toro, aliandika vitabu juu yake vilivyosomwa sana Uingereza, cha kwanza mwaka 1923 akiwa bado hai. Vitabu hivyo vilimpa sifa, lakini vilipenda mno kumwonyesha kama mtu mpole katika giza nene. Apolo mwenyewe aliandika kumbukumbu za kila siku kwa Kiganda, na humo anaonekana mtu wa kazi, mwenye hesabu za safari, wagonjwa, wanafunzi na majengo.

Alichoacha na alichobaki nacho

Katika mahubiri mengi Apolo hutajwa kama mfano wa mtu aliyeyaacha ya kale yote kwa siku moja. Maisha yake hayakwenda hivyo. Uganga aliuacha akiwa kijana, kabla ya kumjua Kristo. Uislamu aliupitia na hakutoka mikono mitupu. Bangi na pombe aliviacha alipojiandaa kwa ubatizo. Nyumbani kwao alikuacha baadaye, na ndoa aliiweka kando akiwa tayari mwalimu wa kanisa. Kila hatua ilikuwa na gharama yake na saa yake.

Kuna jambo la kale ambalo hakuliacha. Mtoto wa Buganda alilelewa akijua kwamba ndoto ni mlango: waliokufa na mizimu husema humo, na mtu mwenye busara huamka na kutii. Mambo makubwa mawili ya ukasisi wake, kurudi Mboga baada ya kifungo na kwenda msituni, yalitokana na njozi. Aliyesema naye alikuwa mwingine, lakini mlango ulikuwa uleule. Wamisionari waliopokea masimulizi hayo waliyasifu kama neema ya pekee. Watu wa Mboga pengine waliyaelewa kwa urahisi zaidi kuliko wao.

Vilevile haifai kupita kimya juu ya kile alichowataka wengine waache. Kanuni ya CMS katika Afrika ya Mashariki ilikuwa kwamba mwanamume mwenye wake wengi abaki na mmoja kabla ya kubatizwa. Apolo aliifuata. Kwa chifu au mwenye mji mkubwa, ubatizo ulimaanisha wanawake kuondolewa kwenye nyumba walizozizoea, na si wote waliokuwa na kwa kurudi. Habari za wanawake hao hazikuandikwa. Makanisa ya Ugogo, Unyamwezi na kwingineko yalipita katika swali hilohilo, na halijatulia hata sasa. Kinachoweza kusemwa kwa upande wake ni kwamba hakuwatwika watu mzigo ambao mwenyewe hakuugusa kwa kidole: aliyewaambia wanaume wa Mboga waishi na mke mmoja aliishi bila mke.

Kifo na maziko

Mwanzoni mwa 1933 aliugua, akapelekwa hospitali ya Mengo. Alipoona hatapona aliomba arudishwe Mboga, safari ngumu kwa mgonjwa, kwa gari hadi Toro na kisha kuteremka Semliki na kupanda miinuko ya upande wa pili. Hakutaka kufia Buganda. Waganda, kama makabila mengi, hupenda mtu azikwe katika ardhi ya ukoo wake, karibu na baba zake. Aliyezikwa ugenini huhesabiwa kuwa amepotea.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa agizo juu ya kaburi lake, kwamba alazwe kinyume cha desturi, kichwa kikielekea magharibi badala ya mashariki. Mashariki ilikuwa Buganda. Magharibi ulikuwa msitu, na katika msitu kazi ilikuwa haijaisha. Walifanya kama alivyoagiza.

Baada yake

Kanisa la Mboga liliendelea chini ya dayosisi za Uganda kwa karibu miaka 40. Mwaka 1972 iliundwa dayosisi ya Boga-Zaire, askofu wake wa kwanza akiwa Mwingereza Philip Ridsdale, na mwaka 1976 Bezaleri Ndahura akawa askofu wa kwanza Mkongo. Kutoka dayosisi hiyo moja yalizaliwa majimbo mengine hadi Bukavu, Kisangani na Katanga, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo walipata kanisa lao lenye kujitegemea. Ibada zake katika maeneo mengi ya mashariki huendeshwa kwa Kiswahili.

Kitabu cha Anne Luck kuhusu maisha yake kilitoka mwaka 1963, na mwaka 2020 mtafiti Emma Wild-Wood alichapisha kingine kilichotumia kwa upana maandishi ya Apolo mwenyewe na masimulizi ya watu wa Boga na Toro.

Kaburi lake liko Boga. Eneo hilo limeumizwa mara nyingi na vita vya Ituri. Mwishoni mwa Mei 2021, katika majira yaleyale ya kumkumbuka, Boga na kijiji jirani cha Tchabi vilishambuliwa usiku na watu wenye silaha, wakazi wengi wakauawa na maelfu wakakimbia, baadhi yao wakivuka Semliki kwa njia aliyoijia.